Waraka Ukivurugika Steshenari

Barua uliyoipanga vizuri nyumbani Makorora, ukaitia kwenye flashi, ukifika nayo steshenari ya Ngamiani, mjini Tanga, inafunguka ikiwa kurasa mbili badala ya moja. Anwani iliyokuwa kulia imeshuka katikati, tarehe imerukia mstari mwingine, na jina lako limebaki peke yake kwenye ukurasa wa pili. Nyuma yako kuna foleni, kijana wa kuprinti ana haraka, nawe unakubali itoke hivyo hivyo.

Lawama huenda kwa kompyuta ya duka au kwa Word. Ukichunguza, utaona shida nyingi zinatokana na safari. Waraka wetu huku pwani haukai mahali pamoja. Unaandikwa kwenye laptopu ya mtumba, unasomwa kwenye simu, unapita WhatsApp, unapanda flashi, halafu unaprintiwa kwa mashine ya mtu mwingine yenye toleo jingine la programu. Anayeandika barua Kipumbwi huenda akaiprinti Pangani mjini, na wa Moa akaja mpaka Tanga. Kwa hiyo waraka lazima uandikwe tangu mwanzo kwa namna itakayouwezesha kustahimili safari. Nitaizungumzia zaidi Word kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi, na LibreOffice panapohitajika. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye skrini.

Umeme

Word ina kinga inayoitwa AutoRecover. Usipoigusa, hutunza nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Dakika hizo ni nyingi mno mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, kwa kuwa mwenye mkono mwepesi ameshajaza nusu ukurasa. Fungua File, nenda Options, kisha Save, ubadilishe 10 iwe 1 au 2. Hapo hapo hakikisha kuna tiki kwenye mstari unaoanza na maneno Keep the last AutoRecovered version. Kwenye LibreOffice mpangilio kama huo uko Tools, Options, Load/Save, General.

Kinga hii isikufanye uache kuseivu mwenyewe. Lipe faili jina kabla hujaandika aya ya pili, kisha bonyeza Ctrl+S kila umalizapo aya, mpaka mkono uzoee.

Umeme ukirudi, fungua Word yenyewe kwanza. Upande wa kushoto kitatokea kidirisha cha Document Recovery chenye nakala zilizookolewa na saa zake. Hapa watu wengi hupoteza kazi kwa pupa: wanakifunga kidirisha, wanafungua faili la zamani, wanaandika upya. Fungua kila nakala uisome, chagua iliyo kamili, kisha uiseivu kwa jina jipya. Kidirisha kisipotokea, ingia File, Info, Manage Document, halafu Recover Unsaved Documents. Nakala za huko hufutwa baada ya siku chache, kwa hiyo zitafute siku ile ile.

Laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa huzimika sawa na kompyuta ya mezani. Ukipata fedha kidogo ya kuitengeneza, anza na betri. Rangi mpya na maus nzuri vitasubiri.

Mstari mwekundu chini ya Kiswahili sahihi

Andika Mtang'ata, andika Mkwaja, andika "walipowasilisha", na Word itachora mstari mwekundu. Kompyuta imedhani unaandika Kiingereza kibovu. Wengi wameuzoea mstari huo kiasi cha kutouona tena, na madhara ni mawili. La kwanza, kosa la kweli linajificha katikati ya wekundu mwingi. La pili linaniuma zaidi: mwanafunzi anaanza kulitilia shaka neno lake sahihi, analibadilisha mpaka mstari uondoke. Tanga ndio mji uliochapa gazeti la Kiongozi kwa Kiswahili tangu enzi ya Mjerumani, na ni karibu na hapa alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Hakuna sababu ya mtoto wa Tanga kusahihishwa Kiswahili na kamusi ya Kiingereza.

Dawa ipo. Bonyeza Ctrl+A uteue maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, utafute Kiswahili katika orodha. Ondoa tiki kwenye Detect language automatically, la sivyo Word itarudia dhana yake. Alama ndogo ya ABC yenye tiki kando ya jina la lugha maana yake ni kwamba kamusi ya tahajia ya lugha hiyo imo ndani ya kompyuta. Isipokuwapo, Microsoft huitoa bila malipo. Kwenye LibreOffice jina la lugha limeandikwa chini kabisa ya skrini. Libofye, uchague Kiswahili. Nayo ina kamusi yake ya tahajia, na chimbuko lake ni kazi ya Waafrika Mashariki wenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice imetoka katika ukoo huo huo wa OpenOffice. Inasikitisha kwamba baada ya miaka yote hiyo kompyuta nyingi za maduka yetu bado zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na hakuna aliyeingia kwenye mpangilio kuubadilisha.

Usiiamini kamusi hiyo kupita kiasi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vingi. "Wasingelitupelekea" ni neno halali, lakini orodha ya maneno haiwezi kuwa na kila umbo la kila kitenzi. Majina ya mahali pia hayatakuwamo. Neno ulilo na uhakika nalo, libofye kwa kitufe cha kulia cha maus, chagua Add to Dictionary. Kinyume chake, kamusi haitakuambia kwamba umeandika "kura" ulipokusudia "kula", kwa sababu yote mawili ni maneno. Makosa ya r na l yanashikwa na macho ya mtu.

Kuna jambo dogo la ng'. Alama ya kutumia ni ile iliyo karibu na kitufe cha Enter. Wapo wanaobonyeza kitufe cha kushoto kwa namba 1, kinachotoa alama iliyoinama upande mwingine. Kwa macho zinafanana, lakini kwa kompyuta "ng'ombe" na "ng`ombe" ni maneno tofauti: la pili litapigwa mstari, na ukilitafuta la kwanza kwenye ripoti ndefu hutalipata lile jingine. Bonyeza Ctrl+H, juu andika g`, chini andika g', kisha Replace All.

Na kama Word inakubadilishia maneno au inaweka herufi kubwa baada ya "taz." na "mf.", ingia File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Ondoa tiki kwenye mstari wa Automatically use suggestions from the spelling checker. Kisha bofya Exceptions, uongeze vifupisho vyako. Sehemu hiyo hiyo inaweza kukutumikia: iambie kwamba ukiandika "slpt" iweke S.L.P. na anwani yako yote.

Ukibonyeza alama ya @ ikatokea ya kunukuu, kibodi haijaharibika. Laptopu za mtumba kutoka Uingereza zina mpangilio unaotofautiana na wa Marekani katika vitufe hivyo viwili. Shika kitufe cha Windows, gusa nafasi, uone mpangilio ukibadilika.

Anwani ya kulia

Sasa turudi kwenye barua iliyovurugika. Barua yetu ya kikazi ina desturi yake: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, kisha YAH: na kichwa cha habari. Wengi wetu tumejifunza kuisukuma anwani ya kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi mpaka ifike. Kwenye kompyuta yako inakaa sawa. Lakini upana wa nafasi moja hutegemea fonti na ukubwa wake, na kompyuta ya duka isipokuwa na fonti uliyotumia, itaweka nyingine bila kukuuliza. Nafasi zote zinabadilika upana kwa pamoja, na mistari inatawanyika.

Bonyeza Ctrl+Shift+8. Maandishi yatajaa alama: kila nukta ya katikati ni nafasi, kila mshale ni tabo, na alama inayofanana na P iliyogeuzwa ni Enter. Ukiona msururu wa nukta kabla ya S.L.P., umempata mkosaji. Zifute zote mpaka anwani irudi kushoto kabisa. Halafu teua mistari ya anwani na tarehe, fungua dirisha la Paragraph, na kwenye Indentation, mahali pa Left, andika 10 cm. Mistari yote itaanzia sehemu moja, na itaendelea kukaa hapo hata fonti ikibadilishwa. Kwa wasifu wa kazi wenye miaka kushoto na maelezo kulia, tumia jedwali la safu mbili, kisha ondoa mistari yake kwa No Border.

Enter nayo hutumiwa vibaya vivyo hivyo. Mtu anayetaka sura mpya ianze ukurasa mpya hubonyeza Enter hadi afike huko. Akiongeza sentensi moja tu nyuma, kila kitu kinashuka. Bonyeza Ctrl+Enter mara moja. Na lile jina lililobaki peke yake ukurasa wa pili? Teua mistari ya mwisho kuanzia "Wako mtiifu", isipokuwa ule wa jina lenyewe, ingia Paragraph, Line and Page Breaks, weka tiki kwenye Keep with next. Mistari hiyo itasafiri pamoja na jina.

Ukurasa mtupu unaokataa kufutika mwishoni mara nyingi husababishwa na jedwali lililofika chini ya ukurasa. Word hulazimisha aya moja baada ya jedwali, na aya hiyo haifutiki. Iteue, uipunguze fonti iwe 1.

Makatibu wa vikundi na vyama wanaoandika mihtasari ya vikao wanajua adha ya namba zinazojiendesha: ajenda ya pili inaanza na 7. Bofya namba yenyewe kwa kitufe cha kulia, chagua Restart at 1 au Continue Numbering. Namba ikijitokeza usipoitaka, bonyeza Ctrl+Z papo hapo. Itaondoka, maneno yatabaki.

Halafu kuna ukubwa wa karatasi, chanzo cha kurasa nyingi kukatika. Karatasi ya dukani ni A4, milimita 210 kwa 297. Word iliyosakinishwa kwa mipangilio ya Marekani hutumia Letter, milimita 216 kwa 279: pana kidogo, fupi zaidi. Angalia Layout, Size, kabla hujaandika neno la kwanza. Ukilifungua dirisha la Page Setup, chagua A4 kisha bonyeza Set As Default, na nyaraka zako zote mpya zitaanza hivyo.

Herufi za Kiarabu

Pwani hii imeandika kwa herufi hizo kwa muda mrefu. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alitunga kwa herufi za Kiarabu utenzi wake juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vile vita vilivyowaka Pangani mwaka 1888. Leo haja ni ya kadi ya ndoa yenye aya ya Qur'ani, ratiba ya Maulidi, cheti cha madrasa. Aya inabandikwa katikati ya Kiswahili, nukta inarukia upande usio wake, mabano yanageuka.

Kwanza ongeza Kiarabu katika mipangilio ya lugha ya Windows. Ndipo Word itakapoonyesha vitufe vya mwelekeo. Weka aya katika mstari wake peke yake, usiichanganye na sentensi ya Kiswahili, kisha ukiwa juu yake bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya kulia. Mstari utaanzia kulia. Ctrl na Shift ya kushoto huurudisha. Chagua fonti ya Kiarabu inayobeba irabu vizuri; Amiri na Scheherazade New zinapatikana bure. Ukishaongeza Kiarabu, huenda siku moja kibodi ikaanza kutoa Kiarabu ghafla. Umegusa Alt na Shift kwa pamoja, ziguse tena.

Waraka wa namna hii usiupeleke dukani ukiwa wa Word pekee. Fonti hiyo huenda haipo huko, na herufi zitabadilika sura au irabu zitahama. Na kabla ya kuchapa kadi mia mbili, mpe mwalimu asome nakala moja iliyoprintiwa, ailinganishe na msahafu. Aya ya Qur'ani haiachiwi kompyuta.

Flashi, WhatsApp na faili linalogoma

Ukifungua flashi ukakuta folda zako zimegeuka mishale midogo ya shortcut, usizibofye. Ni virusi, mafaili yako yamo, yamefichwa tu. Kwenye kompyuta yenye antivairasi, andika cmd kwenye Start, ufungue dirisha jeusi. Kama flashi ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Folda zitaonekana. Nakili nyaraka zako peke yake, acha kila shortcut na kila faili usilolijua, halafu ufomati flashi.

Usiandikie moja kwa moja kwenye flashi. Nakili faili kwenye Desktop, fanyia kazi hapo, lirudishe, kisha toa flashi kwa Eject. Ukiichomoa kabla ya hapo, waraka unaweza kubaki nusu. Faili linaloanza na ~$ ambalo halifunguki halina kitu chako. Ni alama tu kwamba waraka ulikuwa wazi.

Kwa WhatsApp, tuma kama Document. Picha ya barua hupunguzwa ubora na ikiprintiwa maandishi huwa na ukungu. Simu inafaa kusomea. Ukihariri waraka wenye majedwali kwa programu ya simu kisha ukaseivu juu ya faili lile lile, mpangilio huenda usirudi. Hifadhi kwa jina jingine.

Faili lililopakuliwa likikataa kufunguka, libofye kwa kitufe cha kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock. Likigoma bado, fungua Word, File, Open, Browse, liteue bila kulifungua, bonyeza mshale mdogo kando ya Open, chagua Open and Repair. Na kama ni la docx na una picha ndani usizo nazo kwingine, tengeneza nakala yake, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ulifungue: picha zimo kwenye folda ya media ndani ya folda ya word. Docx ni furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja, na furushi likiharibika upande mmoja, mengine huweza kuwa mazima.

Word yenyewe ikiganda kila inapofunguka, shika Ctrl huku ukiifungua, ukubali Safe Mode. Ikifanya kazi hapo, shida iko kwenye nyongeza zilizowekwa. Ingia Options, Add-ins, uzizime moja moja. Word isiyo na leseni nayo hufikia siku ikakataa kuhariri. Usikimbilie programu za kuvunja leseni zinazozunguka kwenye flashi, kwani nyingi hubeba virusi. LibreOffice ni bure kihalali tangu 2010, inafungua docx, na kwa barua, ripoti na mihtasari inatosha kabisa.

Siku ya kuprinti

Beba nakala mbili: ya docx kwa ajili ya kusahihisha, na ya PDF kwa ajili ya kuprinti. File, Save As, chagua PDF. PDF hubeba fonti zake na kurasa zake, kwa hiyo utakachokiona nyumbani ndicho kitakachotoka dukani. Kabla ya kuitengeneza, kama waraka ni mkataba au ripoti iliyopita mikononi mwa watu, nenda Review, ukubali mabadiliko yote kwa Accept All Changes and Stop Tracking, kisha ufute maoni ya pembeni. Mwajiri asione bei uliyoifuta.

Wakati wa masika hewa ya pwani hulowesha karatasi, nayo hujikunja na kukwama kwenye printa. Ukiona rimu imekaa wazi mezani, omba waprinti kwa karatasi kutoka pakiti iliyofunguliwa sasa hivi. Printi ukurasa mmoja kwanza, uushike mkononi, usome anwani, tarehe na jina. Nyingine zifuate.

Kisha futa faili lako kwenye Desktop ya duka, lifute na kwenye Recycle Bin, na kama uliingia WhatsApp kwenye kompyuta yao, toka kwa simu yako kupitia Linked Devices. Wasifu wako una namba ya simu, ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa, na kompyuta ile itatumiwa na kila atakayeingia baada yako.